INJINI NAYO HUSIKIA BARIDI

Wasomaji wapenzi, kichwa cha makala haya kisiwafanye mkafunua ukurasa upesi upesi kwenda kwa vitendawili na chemshabongo. Najua jarida letu la chama limezoea insha za "Siku Ambayo Sitaisahau" na mashairi ya kuwasifu walimu, na hayo yote ni mazuri. Lakini mwaka huu mimi nimeomba nafasi niandike juu ya injini ya dizeli, baridi ya mwezi wa Julai, na chombo kimoja kilichotoka Kanada kikaja kuleta maneno nyumbani kwetu.

Mtu wa mbali akisikia Ukambani hudhani sisi sote tunaishi penye jua la kupasua mawe. Huyo mwambie aje Machakos mwezi wa saba. Mji wetu uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaokaa kwenye miteremko ya milima ya Iveti tuko juu zaidi ya hapo. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu hushuka usiku ukalala mabondeni kama mgeni asiyetaka kuaga. Jua likitokeza saa nne tunashukuru. Sweta ya shule haitoshi, na ukivaa ya nyumbani juu yake mwalimu wa zamu anakuuliza kama umekuja harusini.

Baba yangu ana pikapu ya dizeli iliyonizidi umri kwa miaka mingi. Siwezi kuitukana kwa sababu ndiyo inayonilipia karo. Kila alfajiri, isipokuwa Jumapili, Baba huipakia kabichi, sukuma wiki na maparachichi ya majirani, akaipeleka mizigo hiyo mjini kabla lori la wanunuzi wa Nairobi halijaondoka saa kumi na mbili. Ukilikosa lori hilo, basi mzigo unauzwa sokoni kwa bei ya kutupa, na majirani hawakuelewi ukiwaambia ati gari lilikataa kuwaka. Mwaka jana Baba alilikosa mara tatu. Mara ya tatu majirani wawili walihamishia mizigo yao kwa gari la mtu mwingine, na muhula huo karo yangu ililipwa nusu.

Julai ya mwaka huu ilipoingia mambo yakawa yale yale. Saa kumi na nusu za usiku tulikuwa tukisikia stata: nyeng'e, nyeng'e, nyeng'e. Kisha kimya. Kisha tena nyeng'e, lakini sasa kwa uchovu. Moshi mweupe ulitoka nyuma, gari likatetemeka kama mtu mwenye malaria, likazima. Hapo Baba aliita jina langu, naye alinikuta nimeshavaa viatu vya mpira, maana zamu yangu niliijua. Kusukuma gari lililojaa kabichi si mchezo. Tulikuwa mimi, mdogo wangu wa darasa la saba, Mama akiwa amejifunga leso kiunoni, na mpita njia yeyote ambaye Mungu alimleta. Baba alitia gia ya pili, akakanyaga klachi, sisi tukasukuma mpaka kwenye mteremko, akaachilia. Likiwaka tulipiga vigelegele. Lisipowaka tulianza kutafutana lawama. Nimefyeka nyasi za shule hii kwa sababu ya injini ile kuliko mtu mwingine yeyote wa kidato cha tatu, kwa kuwa kengele ya asubuhi haiulizi nani alikuwa akisukuma nini.

Kila dereva ana dawa yake ya baridi. Mmoja alimshauri Baba amwagie injini maji yanayochemka. Mwingine akasema afunike boneti kwa blanketi usiku. Jirani yetu mmoja, dereva wa malori ya kwenda Uganda, alitusimulia kwamba wakilala Timboroa, mahali palipo zaidi ya futi 9,000 juu, wako madereva ambao hawazimi injini usiku kucha. Baba alichagua dawa ya wazee: jiko la makaa chini ya injini. Alikuwa akiliwasha Mama saa tisa, linasukumwa chini ya gari pale kwenye banda la mabati, na injini inaota moto kama bibi kizee.

Dawa hiyo ilifanya kazi siku kadhaa. Kisha alfajiri moja tukasikia Mama akipiga kelele. Injini ya zamani huwa imepakwa oili na vumbi kila mahali, na paipu moja ya dizeli ilikuwa ikidondosha tone moja moja. Uchafu ule ulishika moto. Mama aliuzima kwa mchanga, karai baada ya karai, kabla haujafika kwenye nyaya. Nilimwona Baba amesimama na koti lake mkononi, hasemi neno. Tangu siku hiyo Mama alikataa katakata kuwasha jiko kwa ajili ya gari. Mwalimu wetu wa Kemia alipopata habari hiyo alisema afadhali moto ule ulionekana, maana makaa yakiwaka kwenye banda lililofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akidhani anasinzia.

Sasa ndipo anaingia mjomba wangu. Yeye ni kaka yake Mama, na anaishi Winnipeg nchini Kanada, mji ambao mwezi wa Januari kipimajoto huweza kushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na hata kupita. Mama alimweleza shida yetu kwa simu. Mjomba akacheka, akasema, "Shemeji anahangaika bure. Huku kwetu gari halilali bila kuchomekwa kwa stima." Hatukumwelewa. Wiki chache baadaye mtu aliyekuwa akirudi nyumbani akatuletea kifurushi. Ndani mlikuwa na kitu kama koili ya kuchemshia maji ya kuoga, lakini kifupi na kinene, pamoja na waya mrefu mweusi.

Hiyo, wasomaji, inaitwa hita ya bloku. Bloku ni lile pande kubwa la chuma ambalo ndani yake mna silinda na pistoni, na pembeni mwake huzunguka maji ya rejeta. Hita huingizwa kwenye tundu la bloku mpaka iguse maji hayo. Ukichomeka waya kwenye soketi, maji yanapata moto polepole, yanazunguka yenyewe, na chuma chote kinapata joto kabla dereva hajaamka. Mjomba anasema huko Winnipeg utaona magari yana plagi inaning'inia puani, na kwenye maegesho ya kazini kuna vigingi vyenye soketi, kila gari na kigingi chake, kama ng'ombe waliofungwa zizini. Tena wako watu wanaosahau asubuhi wakaondoka na waya unaburuzika barabarani. Kifaa chenyewe hakikuanza jana. Mmoja wa waliokianzisha ni Mmarekani aitwaye Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, mtu wa vyama vya ushirika vya kusambaza umeme mashambani, ambaye alipewa haki ya uvumbuzi wa hita yake mwaka 1949. Nadhani aliona kwamba umeme ukishafika kwa mkulima, si lazima uishie kwenye taa.

Baba alifurahi sana. Alisema kumbe shemeji ana akili. Siku ile ile akaanza kupima urefu wa waya kutoka soketi ya jikoni mpaka bandani.

Mimi nilichukua lile boksi nikasoma maandishi. Liliandikwa wati 400, volti 120. Umeme wetu Kenya ni volti 240, na hilo hata mtoto wa kidato cha kwanza analijua. Kesho yake nililibeba boksi shuleni nikamwonyesha mwalimu wa Fizikia, kwani tulikuwa tumefika sura ya joto linalotokana na mkondo wa umeme. Aliandika ubaoni, darasa zima likafanya. Volti mara volti, gawa kwa wati, unapata ukinzani: 120 mara 120 ni 14,400, gawa kwa 400 ni omu 36. Koili haibadiliki ikipanda ndege, bado ni omu 36. Sasa ilete kwetu: 240 mara 240 ni 57,600, gawa kwa 36. Jibu ni wati 1,600. Volti zimezidi mara mbili lakini moto umezidi mara nne. Hita iliyotengenezwa kwa wati 400 ingeungua, na kama ingeungua pale bandani pamoja na ule waya mwembamba Baba aliokuwa akiupima, tungekuwa tumerudi kwenye karai za mchanga.

Mwalimu alisema iko mashine ya kushusha volti, transfoma, kwa hiyo tatizo la volti lingeweza kutatuliwa. "Lakini kabla ya kuuliza itachomekwa vipi," akasema, "uliza itachomekwa lini." Nilimwomba kipimajoto cha maabara. Nilikitundika kwenye banda letu usiku tatu mfululizo, na saa kumi alfajiri kilisoma nyuzi 11, nyuzi 12, na tena nyuzi 11. Nilimpigia Mjomba nikamwuliza wao huchomeka lini. Alinijibu kwamba wengi huko huanza kufikiria hita kipimo kikifika kama nyuzi 15 chini ya sifuri, na gari la dizeli mapema kidogo kuliko la petroli. Tena hawachomeki usiku mzima. Masaa mawili au matatu kabla ya safari yanatosha, na wenye busara hufunga saa ya kuiwasha yenyewe ili wasiharibu stima. Basi fanya hesabu. Kati ya baridi ya Iveti na baridi inayohitaji hita ile mna tofauti ya nyuzi 26. Huko maji yasiyotiwa dawa huganda yakafura yakapasua bloku, oili inakuwa kama asali iliyokaa, na dizeli yenyewe hutoa nta ikaziba chujio. Huku kwetu hata umande haugandi.

Kwa hiyo ikiwa gari la Baba lilikataa kuwaka kwa nyuzi 11, lawama haikuwa ya baridi peke yake. Baridi ilikuwa inafichua ugonjwa ambao Februari hauonekani.

Kazi ikawa kumwambia. Msomaji, wewe jaribu kumwambia mzee wako, aliyeendesha gari tangu kabla hujazaliwa, kwamba zawadi ya shemeji yake haifai na kwamba gari lake lina ugonjwa asioujua. Tena umwambie na wewe una miaka kumi na sita. Nilimshauri Mama aseme yeye. Alikataa, akasema hawezi kuonekana anaidharau zawadi ya ndugu yake mbele ya mumewe, wala kuitetea pia hawezi. Baada ya chakula cha jioni nilileta daftari langu nikamwambia, "Baba, tumepewa hesabu hii na mwalimu, naomba unisaidie." Baba ni mtu wa soko, hesabu haimpigi chenga. Nilimsomea: hita ya volti 120 na wati 400 ikitiwa kwenye volti 240 itatumia wati ngapi? Nikamwonyesha njia. Alichukua kalamu akapiga, akapata 1,600, akapiga tena. Kisha alinyamaza kwa muda, akainuka akaenda kuchukua boksi, akasoma maandishi karibu na taa.

"Kwa hivyo huyu shemeji alitaka kunichomea nyumba," akasema.

Mama akajibu kwamba nyumba ilikuwa inachomwa na jiko la nani? Nilikusanya vitabu vyangu nikaenda kulala. Wawili hao hawakuongea vizuri mpaka Jumamosi.

Jumamosi hiyo Baba alinichukua twende kwa fundi wa juakali mjini. Huyo fundi ni mtu wa maneno machache. Aliuliza kitu kimoja tu: "Taa ya hita huwa unaisubiri?" Kwenye dashibodi ya gari la dizeli la namna ile kuna taa ndogo yenye alama kama ya koili. Ukizungusha ufunguo nusu, inawaka. Ikizima, ndipo unapiga stata. Baba alisema huwa anaisubiri. Fundi akafungua boneti.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote cha shule. Injini ya petroli hulipua mafuta kwa cheche ya plagi. Ile ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, yule Mjerumani ambaye injini yake ya kwanza iliyofaulu ilifanya kazi mwaka 1897, alitegemea hewa kubanwa. Katika injini kama ya Baba, hewa hubanwa mpaka ikae mahali padogo mara ishirini na zaidi kuliko mwanzo, na hewa ikibanwa hivyo hupata moto wa kupita nyuzi 500. Yeyote aliyepiga pampu ya baiskeli ameguse mwisho wake anajua. Dizeli ikirushwa kwenye hewa hiyo inawaka yenyewe. Sasa chuma kikiwa baridi kinainyonya hewa lile joto kabla ya dizeli kufika. Ndiyo maana kila silinda ya gari lile ina plagi ya hita, kijiti cha chuma kinachoiva kikawa chekundu kwa nguvu ya betri, ili kusaidia moto wa kwanza kushika. Kwa hiyo hita tulikuwa nazo siku zote, nne, ndani ya injini yetu wenyewe, za volti 12.

Fundi alitoa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, akachukua balbu ndogo ya gari yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliuweka kwenye chanya ya betri, wa pili akagusa kichwa cha plagi ya kwanza. Balbu ikawaka. Ya pili, giza. Ya tatu, giza. Ya nne, ikawaka. Plagi nzima hupitisha mkondo, iliyokatika ndani haipitishi, basi. Silinda mbili zilikuwa zikiamka na mbili zikiendelea kulala, na dizeli isiyoungua ndiyo ule moshi mweupe tuliokuwa tukiuvuta tukisukuma. Taa ya dashibodi haikuwa na habari, kazi yake ni kuhesabu sekunde tu.

Aliona na mengine. Vichwa vya betri vilikuwa na ukoga mweupe, akavisafisha kwa maji ya magadi na brashi ya waya mpaka vikang'aa. Akavuta kijiti cha oili, akauliza ni oili gani. Baba husema oili nzito ndiyo dawa ya injini kuukuu, kwa hiyo alikuwa akitia ile nambari 40 kavu. Fundi akamweleza kwamba oili hiyo asubuhi ni nzito, stata inachoka kuizungusha, na injini ikizunguka polepole hewa haipati joto la kutosha. Afadhali 15W-40, ambayo ikiwa baridi ni nyepesi na ikipata moto haizidi kulegea kuliko ile ya kwanza. Hiyo W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Mimi nilikuwa nimeiona kwenye madebe miaka yote nikidhani ni ya wati.

Plagi mbili mpya hazikufika nusu ya bei ya mbuzi. Baba alinunua nne.

Jumatatu kipimajoto kilisoma nyuzi 11 kama kawaida. Nilisimama bandani na viatu vyangu vya mpira. Baba alizungusha ufunguo, tukaitazama ile taa, ikazima. Nyeng'e moja, injini ikawaka. Moshi ulikuwa kidogo tu. Mama alitoka jikoni na leso yake imeshafungwa tayari, akarudi ndani. Siku hizi Baba hata haachi gari lingurume dakika ishirini ati lipate moto, kwa sababu fundi alimwambia injini ya dizeli ikisimama tu hupata joto polepole sana na kumeza mafuta ya bure. Anangoja kidogo oili ipande, anaondoka taratibu, akifika lami injini imeshaiva. Na mchana injini ikiwa moto hangoji taa. Majirani wale wawili, mmoja amerudi, mwingine bado.

Mjomba alipopiga simu mwezi wa Agosti kuuliza kama hita imefungwa, Mama alimpa Baba simu akaondoka. Baba alimshukuru kwa heshima zote. Akamwambia ameiweka vizuri kwenye kabati pamoja na kitabu cha gari, na siku barafu ikianguka Machakos ataifunga. Mjomba akacheka mpaka tukamsikia sisi sote. Aliuliza basi atume nini badala yake. Baba akamwambia atume koti.